Mkaa, dawa ya meno ya kung'arisha au peroksaidi: kipi kinafaa meno yako?

Anayetafuta meno meupe siku hizi hukutana na mkaa kabla hajakutana na daktari wa meno. Video ni ileile kila mara: mtu anachovya mswaki kwenye unga mweusi, mdomo mzima unageuka mweusi tii, anasukutua, anatabasamu, meno yanameta. Picha hiyo imeuza mkaa kuliko utafiti wowote. Ila meno yanayoibuka kutoka kwenye weusi wa namna ile yangeonekana meupe hata kama hayajabadilika hata kidogo, kwa sababu jicho hulinganisha na kile lilichokiona muda mfupi uliopita.

Sisemi mkaa haufanyi kitu. Kuna madoa unayoyaondoa. Tatizo ni kwamba wengi wanaanza na swali lisilowasaidia, "mkaa au kemikali?", kana kwamba ni suala la kuchagua kati ya asili na kiwanda. Swali la kuanza nalo ni hili: rangi usiyoipenda imekaa sehemu gani ya jino? Ukishajua hilo, nusu ya bidhaa zinazouzwa zinajiondoa zenyewe kwenye orodha yako.

Rangi iko juu au iko ndani?

Jino lina tabaka la nje gumu linaloitwa enameli, ambalo karibu asilimia 96 yake ni madini. Enameli hupitisha mwanga kiasi. Chini yake iko dentini, ambayo kwa asili ni ya manjano. Kwa hiyo jino zima, lenye afya kabisa, halina weupe wa karatasi. Lina manjano fulani inayotoka ndani, na kadiri umri unavyosogea enameli hulika, dentini huongezeka, na manjano huzidi. Huo si uchafu. Hakuna kusugua kutakakouondoa.

Juu ya enameli kuna utando mwembamba unaotokana na mate, na huo ndio unaoshika rangi za chai, kahawa, mvinyo mwekundu na tumbaku. Dawa ya kusukutua yenye klorheksidini nayo huacha madoa ya kahawia ikitumiwa kwa wiki kadhaa, na dawa za maji za kuongeza madini ya chuma vilevile. Haya ndiyo madoa ya nje.

Kujua yako ni yapi, simama karibu na dirisha mchana ukiwa na kioo, vuta mdomo, futa meno ya mbele kwa kitambaa safi na utazame upesi. (Upesi, kwa sababu jino likikaa wazi na kukauka hupauka, na litakudanganya.) Ukiona michirizi ya kahawia karibu na fizi, kwenye mianya kati ya jino na jino, au nyuma ya meno ya mbele ya chini, hayo ni madoa ya nje, pengine yamekaa juu ya ugaga, yaani utando wa meno ulioganda na kuwa mgumu. Ukiona jino lote lina manjano ya aina moja, na chonge zimezidi kidogo kuliko majirani zake, hiyo ni dentini. Mistari ya kijivu au kahawia inayokatiza jino kwa ulalo, kwenye meno mengi kwa pamoja, mara nyingi hutokana na antibiotiki iitwayo tetrasaiklini iliyotumiwa utotoni, kabla ya miaka 8 hivi, au na mama akiwa mjamzito. Mabaka meupe kama chaki, au ya kahawia, yanayofanana upande wa kulia na wa kushoto, huweza kuwa floraidi iliyozidi kwenye maji ya kunywa wakati meno yalipokuwa yanajijenga. Shirika la Afya Duniani linaweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita. Na ukiona jino moja tu limekuwa jeusi au kijivu wakati mengine yako sawa, acha habari za kung'arisha. Huenda jino hilo limekufa ndani baada ya kugongwa, na linahitaji kuonwa.

Mkaa unavyofanya kazi, na pale hoja yake inapokatika

Mkaa unaozungumziwa si wa jikoni. Mkaa ulioamilishwa hutengenezwa kwa vifuu vya nazi, mbao au malighafi nyingine yenye kaboni, huchomwa bila hewa ya kutosha, kisha hupitishiwa mvuke wa joto kali au kemikali mpaka ujae vitundu vidogo visivyoonekana. Vitundu hivyo ni vingi kiasi kwamba gramu moja tu inaweza kuwa na eneo la uso linalozidi mita za mraba 1,000. Vitu vilivyoyeyuka kwenye maji hunasa humo. Ndiyo maana uko kwenye vichujio vya maji, na ndiyo maana hospitalini hupewa baadhi ya watu waliomeza sumu au dawa kupita kiasi.

Wauzaji huchukua ukweli huo na kuusogeza hatua moja mbele: kama unanyonya sumu tumboni, si utanyonya na madoa ya meno? Hapo ndipo hoja inapokatika. Aliyemeza sumu hupewa mkaa mwingi, kwa mtu mzima kawaida gramu 50 hivi, na unakutana na sumu iliyoyeyuka kwenye kimiminika, kwa muda mrefu. Kwenye mswaki kuna chembe kidogo, kwa dakika mbili, na doa halijayeyuka popote. Limeshikamana na utando wa jino. Tena mkaa ukiwa umechanganywa kwenye dawa ya meno, vitundu vyake tayari vimezungukwa na viambato vya dawa yenyewe. Kinachobaki kikifanya kazi ni ule ugumu wa punje. Mkaa unasugua. Doa la juu linakwanguliwa, basi.

Na kusugua si dhambi. Kila dawa ya meno ina kitu cha kusugulia. Swali ni kiasi gani, na unapata nini kingine pamoja nacho.

Mwaka 2017 jarida la chama cha madaktari wa meno wa Marekani lilichapisha mapitio ya tafiti kuhusu mkaa na dawa za meno zenye mkaa. Watafiti walianza na makala 118. Tafiti 13 zilihusu kupiga mswaki kwa mkaa au masizi, na hakuna hata moja iliyotimiza vigezo vyao vya ubora. Chache zilizoeleza madhara zilitaja kuoza kwa meno kulikoongezeka na enameli iliyolika. Hitimisho lao lilikuwa kwamba hakuna ushahidi wa kutosha kwamba bidhaa hizi ni salama, wala kwamba zinafanya kazi inayotangazwa. Walikagua pia bidhaa 50 zilizokuwa zikiuzwa kwenye intaneti na kukuta madai yasiyo na uthibitisho: kuua bakteria, kuua kuvu, "kuondoa sumu" mdomoni. Mdomo haujazi sumu inayosubiri kunyonywa na mkaa. Una utando wa bakteria, na huo huondolewa na mswaki wowote ulioshikwa vizuri.

Faida za mkaa, bila kuzipunja

Mtu mwenye madoa ya chai au sigara akitumia mkaa ataona tofauti. Ulimi nao utaona: jino huwa laini, linateleza. Wengine husema harufu ya mdomo imepungua, na sishangai, kwa sababu mwenye unga mweusi mdomoni husugua kila kona na kusukutua mara tatu zaidi ya kawaida yake. Unga hauna peroksaidi, ile kemikali ya kupausha meno, kwa hiyo hautii meno ganzi kwa njia ile ya peroksaidi. Na hauhitaji kupanga foleni kwa daktari.

Orodha inaishia hapo. Hakuna faida hata moja kati ya hizo ambayo huipati kwa dawa ya meno ya kawaida ya kung'arisha, au kwa kusafishwa ugaga mara moja.

Hatari zinazostahili kutazamwa kwa karibu

Enameli haioti tena. Seli zilizoijenga hufa jino linapochomoza, hivyo kilichokwanguliwa kimekwenda. Ni kama sufuria inayosuguliwa kwa mchanga: inang'aa leo, na kila siku inakuwa nyembamba. Tofauti ni kwamba sufuria nyembamba bado inang'aa, ilhali enameli nyembamba huonyesha dentini ya manjano iliyo chini yake. Kuna watu wanaosugua ili meno yawe meupe, yanakuwa ya manjano zaidi, wanaongeza kusugua.

Shingo ya jino, pale linapokutana na fizi, ndipo hatari zaidi. Enameli ni nyembamba hapo. Fizi zikiwa zimerudi nyuma, mzizi uko wazi, na mzizi hauna enameli kabisa; dentini ni laini zaidi, na mswaki wenye unga unaweza kuchimba kijishimo kinachohisika kwa ukucha. Maji baridi yakipita hapo utajua.

Halafu kuna zile chembe. Anayetumia unga wa mkaa na kutazama vizuri kwenye kioo saa moja baadaye huona vidoa vyeusi kwenye ukingo wa fizi, hasa pale fizi zilipovimba kidogo na kuacha mfuko. Chembe huingia pia kwenye nyufa ndogo za enameli na kwenye mpaka kati ya jino na ziba la rangi ya jino. Mpaka huo ukishashika weusi unaonekana kama mstari wa kalamu, na kuutoa huweza kumaanisha kulibadilisha ziba lenyewe. Aliyewahi kuziba meno ya mbele au kuvishwa kofia za jino ana sababu ya kutosha ya kukaa mbali na unga huu, hata kama hakuna nyingine.

Hatari ya nne haionekani kwenye kioo. Bidhaa nyingi za mkaa hazina floraidi. Mtu anaacha dawa ya meno yenye floraidi, ambayo ndiyo kinga yake kuu dhidi ya kuoza, anahamia kwenye unga usio nayo, na matokeo huja baada ya miezi. Zipo dawa za mkaa zilizoongezwa floraidi, lakini wanaofuatilia jambo hili wana wasiwasi kwamba mkaa unaweza kuinyonya sehemu yake na kuipunguzia nguvu.

Kuhusu kumeza: mkaa kidogo unaopita kooni wakati wa kupiga mswaki hauogopeshi. Vidonge au vinywaji vya mkaa ni jambo lingine, kwani mkaa tumboni hauchagui. Hunasa hata dawa ulizoandikiwa.

Kati ya unga na dawa laini ya tyubu yenye mkaa, unga ni mbaya zaidi, kwa sababu hakuna anayejua umechukua kiasi gani wala punje zake zina ukali gani. Na mkaa wa jikoni uliotwangwa nyumbani ni mbaya kuliko zote mbili: haujaamilishwa, punje zake hazina ukubwa mmoja, na una majivu na mabaki ya moshi. Usiutie mdomoni.

Dawa ya meno ya kung'arisha, soda na ndimu

Dawa ya kawaida ya kung'arisha hufanya kazi ileile ya mkaa, kuondoa madoa ya juu, ila kwa vitu vilivyopimwa: silika laini, fosfati zinazolegeza doa, wakati mwingine rangi ya buluu kidogo inayokaa juu ya jino na kufifisha manjano kwa macho tu. Ukali wa kusugua hupimwa kwa kipimo kiitwacho RDA, na kikomo cha kimataifa cha dawa za meno ni 250. Watengenezaji wengi hawaandiki namba hiyo kwenye boksi. Floraidi wanaiandika: tafuta kati ya 1,000 na 1,500 ppm (sehemu kwa milioni). Tarajia mabadiliko madogo, baada ya wiki kadhaa. Anayeahidi zaidi ya hapo kwa dawa ya tyubu anauza boksi.

Soda ya kuokea ni laini kuliko wengi wanavyodhani. RDA yake ni 7 hivi. Kasoro yake ni kukosa floraidi, kwa hiyo bora uinunue ikiwa ndani ya dawa ya meno kuliko kuichota kwenye kopo.

Ndimu na limau, hapana. Enameli huanza kuyeyuka pale pH ya mdomo, kipimo cha asidi ambacho namba ikishuka uchachu huzidi, inaposhuka chini ya 5.5, na maji ya ndimu yako karibu na 2. Jino hulainika, na ukilisugua hapohapo unaondoa lile tabaka lililolainika. Wanaofundisha kuchanganya mkaa na ndimu wanafundisha njia ya haraka zaidi ya kuharibu meno ninayoijua.

Peroksaidi, ambayo watu huiogopa kwa jina

Peroksaidi haisugui chochote. Hupenya enameli, hufika kwenye dentini, na kuvunja molekuli zenye rangi. Kwa hiyo ndiyo pekee kati ya hivi vyote inayogusa manjano ya ndani. Mwaka 1989 madaktari wa meno wa Marekani, Haywood na Heymann, walieleza kitaalamu njia inayotumika mpaka leo: kibakuli chembamba kilichochongwa kufuata meno ya mgonjwa, ndani yake jeli ya kabamaidi peroksaidi ya asilimia 10, kinavaliwa usiku kwa wiki mbili hivi. Asilimia 10 hiyo ikivunjika hutoa takriban asilimia 3.5 ya haidrojeni peroksaidi. Utepe wa kubandika unatumia kanuni ileile, ila hauenei vizuri kwenye meno yaliyopindana. Ofisini kwa daktari hutumika jeli kali zaidi, ya asilimia 25 hadi 40, fizi zikiwa zimefunikwa. Matokeo huonekana siku hiyohiyo, lakini sehemu ya weupe huo ni ukavu wa jino, na hupungua kidogo baada ya siku chache. Ile taa ya buluu inayowashwa mbele ya mdomo huongeza kidogo sana, kama inaongeza.

Madhara yake yapo wazi. Meno hutia ganzi, hasa kwa baridi, na mara nyingi hali hiyo huisha siku chache baada ya kuacha. Jeli ikivuja hubabua fizi. Jino lenye tundu likipata peroksaidi litauma sana, ndiyo sababu ya kukaguliwa kwanza. Wajawazito hushauriwa kusubiri. Umoja wa Ulaya unaruhusu bidhaa zenye hadi asilimia 0.1 ya haidrojeni peroksaidi kuuzwa huria. Zenye zaidi ya hapo hadi asilimia 6 lazima zianzie kwa daktari wa meno, na si kwa walio chini ya miaka 18. Nafikiri sheria hiyo ina busara. Nguvu ya peroksaidi ndiyo sababu ya kuisimamia, na hiyohiyo ndiyo sababu inafanya kazi.

Weupe wake haudumu milele. Hukaa mwaka mmoja hadi mitatu, kutegemea unakunywa na kuvuta nini, kisha unarudia kwa siku chache.

Nani achague nini

Mwenye madoa ya kahawia kwenye fizi na mianya asinunue chochote kwanza. Akasafishwe ugaga. Kikao kimoja huondoa kile ambacho mkaa ungekikwangua kwa miezi, na ugaga wenyewe hautoki kwa mkaa hata ukisugua mpaka fizi zitoke damu. Baada ya hapo dawa ya kung'arisha yenye floraidi inatosha kuyazuia yasirudi upesi.

Mwenye manjano ya jumla, ya umri au ya kuzaliwa nayo, peroksaidi ndiyo njia, na ile ya kibakuli cha usiku ndiyo ningempendekezea ndugu yangu kabla ya ile ya ofisini: ni ya polepole, dozi ni ndogo, na meno yakitia ganzi unaruka usiku mmoja. Mwenye mistari ya tetrasaiklini ajue kwamba itamchukua miezi, si wiki, na huenda isitoke yote. Mabaka ya floraidi wakati mwingine huzidi kuonekana mwanzoni. Hapo daktari ana njia nyingine.

Mwenye fizi zilizorudi nyuma, meno yanayouma kwa baridi, au mazoea ya kusugua kwa nguvu, asiguse mkaa. Anayesimamia meno ya watoto, asiwape mkaa vilevile. Mtoto anahitaji floraidi na mswaki, si weupe.

Na kama bado unautaka mkaa, kwa sababu umeshaununua au kwa sababu tu unautaka, chukua wa tyubu wenye floraidi, uutumie mara moja kwa wiki na si kila siku, kwa mswaki laini, bila kukandamiza, na siku nyingine urudi kwenye dawa yako ya kawaida. Usisugue baada ya kutapika au kunywa kitu kichachu. Subiri kama nusu saa. Ukianza kuhisi baridi kwenye shingo ya jino, acha siku hiyohiyo.

Jambo moja husahaulika na wenye mazibo au kofia kwenye meno ya mbele. Hakuna kati ya njia hizi inayobadilisha rangi ya ziba wala kofia. Ukipausha meno, yale yaliyozibwa yatabaki na rangi ya zamani na yatajitenga na wenzake. Kwa hiyo anayepanga kuzibua na kuziba upya afanye weupe kwanza, kisha asubiri wiki mbili hivi kabla ya kuwekewa ziba jipya: rangi inahitaji kutulia ndipo ilinganishwe, na oksijeni inayobaki kwenye enameli huzuia ziba kushika vizuri.